Miaka Mitano ya Mama Apendeki

Wenzangu vijana wa idara, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilichelewa darasani kwa kukosa saa, na sasa ninayo, iko juu ya mlango wa chumba cha kulala, inanieleza kwa usahihi mkubwa kwamba sina pa kwenda. Mlinipa pia daftari jipya, mkasema niandike ya kazini, ili watakaofundisha ekolojia ya mwaka wa kwanza baada yangu wasianze wakipapasa kama nilivyoanza mimi. Basi naandika. Vyeo na mishahara tuviache. Vyeo havikunisumbua sana, na mishahara haikunisumbua hata kidogo, maana haikuwa na desturi ya kuja.

Siku yangu ya kwanza niliingia darasani nimevaa koti. Kasongo, mwezi wa tatu, saa nane mchana, koti. Nilikuwa nimetoka masomoni Kisangani na silabusi niliyoinakili kwa mkono kutoka kwa mwalimu wangu, ambaye naye aliinakili kutoka kwa wake, na huyo wa mwisho alikuwa amesomea Ulaya. Kwa hiyo somo la kwanza la ekolojia nililowapa vijana wa Kasongo na Kabambare lilihusu msitu wa mialoni wakati wa theluji. Mwaloni sijawahi kuuona mpaka leo. Nilichora ubaoni nyasi, kando yake sungura anayekula nyasi, kando yake mbweha anayekula sungura, na juu yao tai. Mishale ilinyooka vizuri. Nikasema huo ndio mnyororo wa chakula, nikageuka kuwatazama nikitegemea mshangao.

Kijana mmoja aliyetoka Wamaza, jina lake Masudi, akainua mkono.

"Mwalimu, na mutu iko wapi?"

Nikamjibu kwamba mtu hayumo. Mtu anasimama kando na kuuchunguza mnyororo. Darasa zima likacheka, nami nikadhani nimesema neno la kuchekesha, nikacheka nao. Wakati wa kurudi nyumbani nilinunua panzi wa kukaanga waliofungwa kwenye jani, nikawa natafuna njiani. Nilikuwa nimefika panzi wa kumi hivi ndipo nikauona mshale, ukitoka kwenye nyasi, ukipita kwa panzi, ukiingia moja kwa moja kinywani mwangu. Kesho yake nilirudi darasani bila koti. Sungura nilimwacha ubaoni kwa miaka miwili zaidi, kwa ukaidi tu.

Aliyenifundisha kazi hasa si mwalimu. Alikuwa Papa Ramazani, mtunza maabara wetu. Nikisema maabara msije mkafikiria mengi: chumba kimoja, darubini isiyo na lenzi, kabati la mimea iliyokaushwa katikati ya magazeti ya zamani, na mbao mbili zenye mikanda za kubania mimea hiyo. Papa Ramazani alitoka katika ukoo wa Waislamu wa mjini, wenye duka la vitambaa, na hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kila mmea aliujua kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu na kwa Kizimba, na alijua ni nani aliyeula akaharisha. Kila Alhamisi mbao za kubania mimea zilikuwa hazipatikani. Siku moja nilizitafuta nikazikuta nyumbani kwake, zimebana kanzu yake ya Ijumaa. Nilikasirika, nikamwambia ile ni mali ya sayansi. Akanijibu kwa upole kwamba majani hayaendi msikitini, yanaweza kungoja mpaka Jumamosi.

Alinifundisha kunoa panga kabla ya kuondoka mjini na si baada ya kufika. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa ukurasa wote unakuwa ua moja la bluu. Kamba ya kupimia iwe ya nailoni, ifungwe fundo kila mita, kwa maana kamba ya katani ikilowa inafupika na wewe unaandika msitu mkubwa kuliko uliopo. Haya hayamo katika silabusi yoyote. Yaongezeni katika yenu.

Na mkiona nasema sana juu ya vifaa, ni kwa sababu sitaki kufika haraka kwenye konokono. Lakini tufike tu. Kuna ile njia ya kuhesabu wanyama msioweza kuwahesabu wote: unakamata kadhaa, unawatia alama, unawaachilia, kisha baada ya siku unakamata tena na kuangalia wangapi wana alama. Kadiri wenye alama wanavyopatikana wachache, ndivyo jumla yao ilivyo kubwa. Nilichagua konokono wakubwa wa bonde lililo nyuma ya majengo yetu. Tuliwapaka rangi nyekundu ya kucha, aliyoitoa mke wangu kwa manung'uniko, tukawaachilia. Baada ya siku nne tulikamata wengine wengi na hakuna hata mmoja mwenye alama. Kwa hesabu yangu ubaoni, idadi ya konokono wa Kasongo haikuwa na mwisho. Nilieleza jambo hilo kwa furaha kwa saa nzima. Jioni, nikipita nyuma ya jiko la wanafunzi, nilikuta lundo la magamba, karibu yote yana doa jekundu. Kwa rangi ile konokono walikuwa wanaonekana kirahisi, Masudi aliniambia, hata kwenye majani marefu. Nilimpa alama kumi na saba juu ya ishirini, kwa kuwa alikuwa amenijibu lile swali lake mwenyewe la siku ya kwanza.

Sasa hayo ni ya kuchekesha, na nimewapa kwanza kwa makusudi, maana ninalotaka kuwaachia hasa halichekeshi mpaka mwisho.

Katika silabusi kuna sura inayoeleza jinsi shamba lililoachwa linavyorudi kuwa msitu: kwanza majani mafupi, kisha vichaka, kisha ile miti ya haraka yenye majani kama mwavuli, kisha miti ya kudumu. Nilitaka wanafunzi waione sura hiyo kwa macho, mwezi baada ya mwezi, mahali pamoja. Papa Ramazani akanipeleka kijiji kimoja kwenye njia ya Lusangi, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Apendeki. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shamba alilolipumzisha kwa miaka tisa. Alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, na goti lake moja lilikuwa limeanza kumgomea. Mashamba ya mbali alikuwa ameshayaacha. Hilo la nyuma ya nyumba ndilo alilokuwa akilingoja. Alisema litalala mwaka mmoja tena, kisha atalikata apande mpunga, na hilo ndilo litakuwa shamba lake mpaka mwisho. Tukitaka kutazama, tutazame. Tusikate, tusing'oe.

Nikamwapia kwamba hatutang'oa hata jani moja. Na kweli hatukung'oa.

Tulichofanya ni hiki. Tulichomeka vigingi vinne, tukazungusha kamba, na ndani yake tukagawa viraba vidogo, kadrati kwa lugha ya kitabu, kila kimoja na utepe mwekundu wenye namba. Papa Ramazani alipoona tepe hizo alinivuta kando. Akasema tuweke mawe tu, mawe yanatosha, sisi wenyewe tutayajua. "Mwalimu, hapa kwetu mutu akipima chini kwa kamba, watu wanasema chini iko kitu." Nilimweleza maana ya kadrati kwa muda mrefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, akaenda kukaa kwenye baiskeli.

Basi jiwekeni katika nafasi ya mpita njia, mtu wa Maniema, ambaye shemeji yake yuko machimboni Salamabila na binamu yake alipata kijiwe cha dhahabu akanunua pikipiki. Kila mwezi anaona mwalimu kutoka Kasongo na vijana ishirini wanafika kwenye kichaka cha mjane. Wanapiga magoti ndani ya kamba, pua karibu na ardhi. Mmoja anasema jambo kwa sauti ya chini, mwingine anaandika. Halafu, kwa kuwa silabusi inasema ndani ya udongo kuna mbegu zinazolala, wanachukua udongo kwenye mifuko midogo, wanashuka nao kijitoni, na wanauosha ndani ya beseni. Wanauzungusha. Wanainama kutazama kilichobaki chini. Wakipata kitu wanakitia kwenye kichupa na kuandika namba. Ningekuwa mimi, ningekuja na jembe usiku huo huo.

Wapita njia walivumilia miezi saba. Mwezi wa nane tulifika tukakuta pikipiki zimejaa mbele ya nyumba ya Mama Apendeki, turubai zimetandwa, na wachimbaji thelathini au zaidi wako ndani ya kadrati zangu. Walikuwa wameanza kwenye namba moja na kufuata namba kwa utaratibu mzuri, jambo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuliweza. Mama Apendeki alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa ameshakwenda kwa shefu, mkuu wa kijiji, na shefu alikuwa amemwambia angoje kwanza ionekane kama iko kitu.

Hapo shamba lilikuwa bado linaweza kuokolewa. Nataka mlielewe hilo. Walikuwa wamechimba mle ndani ya kamba tu, eneo dogo la kama nyumba mbili. Kingine chote kilikuwa kimesimama. Nami nikaona nitaliokoa kwa kufundisha.

Nikaomba wanisikilize. Wakapanda kutoka mashimoni, wakakaa juu ya udongo, wakanisikiliza. Niseme ukweli, sijawahi kuwa na darasa zuri namna ile. Hakuna aliyesinzia. Nikawaeleza kadrati ni nini, kwa nini tunahesabu majani, shamba linarudi vipi kuwa msitu. Kiongozi wao, kijana wa miwani myeusi, akasema kwa heshima kwamba mtu hawezi kutoka Kasongo na baiskeli kuja kuhesabu majani. Nikaona nimpe sababu. Nikaona nimwonyeshe kwamba majani ni elimu kubwa, si mchezo. Nikasema, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba mmea unaweza kukuambia udongo ulio chini yake una nini ndani. Kwamba iko mimea inayopenda udongo wenye madini ya aina fulani, na mtaalamu akiiona anajua.

Nikaona nyuso zao zinafunguka. Nilifurahi. Mwalimu anajua pale somo linapoingia.

"Ni mumea gani?" kijana wa miwani akauliza.

Nikasema kwa hapa bado hatujui, ndiyo tunachunguza. Nyuma yangu nilimsikia Papa Ramazani akivuta pumzi ndefu. Tuliondoka, nikiwa na hakika kwamba nimewaelimisha. Shefu alinisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono, akaniuliza taratibu: gramu ngapi?

Tuliporudi wiki tatu baadaye wachimbaji walikuwa wameshaondoka. Hawakupata chochote, na niliambiwa walikuwa wamenikasirikia sana. Walikuwa wamechimba chini ya kila aina ya mmea, mmoja mmoja, kwa bidii ya wanafunzi wanaotaka kufaulu. Hapakubaki mti. Mashimo yalikuwa kama makaburi yaliyo wazi, toka ukuta wa jiko mpaka kijitoni. Udongo mweusi wa juu, ule uliokuwa umetengenezwa kwa miaka tisa ya majani kuoza, ulikuwa umefukiwa chini, na ule mwekundu wa chini, wenye changarawe, ulikuwa juu unang'aa juani. Nililia. Wanafunzi walijifanya hawanioni.

Jumamosi tatu mfululizo tulifukia mashimo. Tulijaza, tukasawazisha, tukajiona tumetengeneza. Siku ya mwisho Mama Apendeki alileta maji ya kunywa, akatupa wote, kisha akaniuliza swali moja. Hakunilaumu. Alisema yeye anajua shamba lililolimwa likapumzika, lakini shamba lililochimbwa hajawahi kuwa nalo, na mimi ndiye niliyesomea udongo. Alitaka kujua tu, litalala miaka mingapi kabla halijakubali mpunga.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalifundisha kila mwaka. Udongo wa juu ukishapotea, hauhesabu kwa misimu, unahesabu kwa vizazi vya watu. Yeye alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Ningemwambia thelathini, ningekuwa namwambia kamwe. Alikuwa ananitazama usoni, na mimi nilichotaka wakati ule, kuliko kitu chochote duniani, ni kwamba aache kunitazama.

"Mitano, Mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepanga kitu kichwani, akakusanya vikombe vyake.

Baada ya hapo nilihamisha mazoezi yetu upande mwingine kabisa wa mji. Wenzangu niliwaambia mahali papya panafaa zaidi kisayansi, na niliandika kurasa mbili za sababu. Zilikuwa sababu nzuri, nilikaribia kuziamini. Njia ya Lusangi sikuipita tena. Nikialikwa msiba upande ule nilikuwa naumwa. Papa Ramazani alistaafu mwaka wa tatu, na siku ya kuondoka alinikabidhi funguo za kabati na zile mbao zake, akasema, "Mwalimu, ule mama anahesabu." Nikajifanya nadhani anasema juu ya mama mwingine.

Mama Apendeki alikuja mwaka wa sita ulipoanza tu. Nilikuwa darasani, na kwa bahati mbaya, au niseme kwa haki, nilikuwa katika sura ile ile ya shamba linalorudi kuwa msitu. Pikipiki ikasimama nje. Akaingia na panga lililofungwa kwenye kitambaa, amevaa kitenge cha kanisani, akamsalimia kila mtu, akakaa kwenye benchi la mbele. Goti lilikuwa limezidi, alilinyoosha mbele yake kwa mikono miwili. Nikaendelea kuzungumza. Sijui nilisema nini. Nilipokwama, yeye akasema.

"Miaka tano imefika. Nimekuja twende, unionyeshe nianze kukatia wapi."

Ningeweza kumpeleka ofisini. Badala yake nilisema mbele ya darasa kwamba leo tunakwenda shambani, na hilo silihesabu kuwa ushujaa, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshaanza kutembea kabla sijafikiri. Yeye alipanda pikipiki, mimi na wanafunzi tukafuata kwa baiskeli na kwa miguu.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na nyasi kali hapa na pale, zimenyauka. Mashimo tuliyoyafukia yalikuwa yametitia na kushika maji. Hapakuwa na mti hata mmoja unaonizidi kimo. Nikamwomba panga, nikachimba kidogo, nikatafuta udongo mweusi. Ulikuwapo. Unene wake ulikuwa kama ganda la yai. Chini yake ni changarawe ile ile.

Nikabaki nimechuchumaa, sikutaka kusimama. Nikamwambia nikiwa pale chini kwamba si mitano. Kwamba hata siku ile nilijua si mitano. Kwamba mimi na yeye hatutauona mpunga hapa, labda wajukuu, labda wa wajukuu. Nikasema nilidanganya kwa sababu niliona haya.

Kisha akaniambia jambo nisilolijua. Mwaka wa pili baada ya wachimbaji, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alimwita akampa shamba zuri ng'ambo ya kijito, karibu, lisilo na mlima. Yeye alilikataa. Alisema wapewe watoto wanaoanza maisha, yeye analo lake, linalala tu, mwalimu wa Kasongo amelisomea. Tangu hapo alikuwa akilima kwa watu, kwa siku, na kupanda mihogo kuzunguka nyumba. Kila mwanzo wa msimu alikuja kusimama pale nilipokuwa nimechuchumaa, kulitazama.

Wachimbaji walimharibia shamba moja. Mimi nilimnyang'anya mawili. Sikuweza kutazama upande wa wanafunzi.

Yeye ndiye aliyewatazama. Aliwapitia wote, mmoja mmoja, na madaftari yao mkononi.

"Na hawa watoto," akaniuliza, "unawafundishaka miaka tano ngapi?"

Nilianza kuhesabu kichwani yote niliyowafundisha bila kuyajua, na nilipofika kwenye mialoni nikaacha.

Akasema basi, twende kwa shemeji, ukaseme pale. Tukaenda siku ile ile. Ukoo ulikusanyika uani, wakaleta viti. Mimi, niliyezoea kuzungumza saa mbili bila kunywa maji, nilitoa somo fupi kuliko yote ya maisha yangu: shamba la mama limekufa, chanzo ni mimi, nikamwambia litapona nikijua haliponi, na kwa neno langu alikataa mlichompa. Shemeji yake alikuwa mzee mkali, na alinikalipia kama anavyokalipiwa mtoto aliyevunja chungu. Nilikaa nikasikiliza. Alipomaliza alisema shamba lile zuri limeshakuwa la mkwe wake, ana watoto wanne, hawezi kumtoa. Hapo Mama Apendeki aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza siku ile, na mimi nikatamani wangenipiga kabisa.

Kisha mtu mmoja wa ukoo akakumbuka kwamba nyuma ya shamba la mkwe kuna kipande kimebaki, si kikubwa. Aliyekilima alifariki, na hakuna aliyekumbuka sawasawa kimelala tangu lini. Kama kimelala vya kutosha, achukue. Kama bado, kitamtesa bure na goti lake.

Tukavuka kijito, ukoo mzima na wanafunzi nyuma. Kilikuwa kichaka cha kawaida. Miti ya mwavuli ilikuwapo, si mingi, na majani yale ya kufungia chakula yalikuwa yameanza kushika kivuli. Shemeji akasimama pembeni, akanigeukia mimi, na wote wakanigeukia. Pamoja na yote niliyosema uani, bado walitaka mwalimu aseme ni miaka mingapi.

Nilijua majina ya karibu kila kilichosimama pale. Ningeweza kutaja namba, na ningeitaja vizuri. Niliinama, nikaokota udongo, nikauvunja kwa vidole, nikautazama.

"Sijui, Mama," nikamwambia. "Wewe unakionaje?"

Akaniachia panga nilishike. Akaingia polepole, mkono juu ya goti, akisukuma matawi. Alikwangua chini kwa kidole cha mguu. Alishika mti mmoja wa mwavuli kwa viganja viwili kuuzunguka, akausukuma, akasikiliza. Aliokota udongo, akaunusa, akautupa, akaenda mbele kidogo akaokota mwingine. Tulimngoja. Alipotoka alikuwa na majani kwenye kitambaa cha kichwa, na hakuyaondoa.

"Saba," akasema. "Nakata mwezi wa sita."

Wanafunzi wakafungua madaftari, wakanitazama waone kama nitaandika. Nikaandika saba, na kando yake, pale ninapowekaga jina la mwandishi wa kitabu nilichonukuu, nikaandika jina lake.